Wazazi Wasioonyesha Uso

Iko picha ya kilio isiyo na chozi hata moja. Yaitwa "Wazazi", nayo ni moja ya picha saba za vita alizozitoa Käthe Kollwitz, mama Mjerumani wa Berlin, mwaka 1923. Aliichonga katika ubao. Panapotakiwa weupe huchimbwa kwa chuma. Panaposalia juu hupakwa wino mweusi, kisha karatasi hukandamizwa hapo.

Haya, tutazame. Baba amepiga magoti, kiganja kimeufunika uso. Mama amemwangukia, ameinama hata uso wake hatuuoni kabisa. Basi huzuni twaisoma wapi? Mgongoni! (Hata msibani kwetu, mwenye kufiwa hujulikana kwa mgongo kabla hajageuka.) Fuata mgongo wa mama kwa kidole: washuka, washuka, kama wa mtu aliyetwishwa mzigo asiouweza. Lakini mkono wa baba umemzuia asifike chini. Wawili wale wamekuwa kilima kimoja cheusi. Ni shida kusema nguo hii ya nani.

Mwana wao Peter, mwenye miaka 18, alitaka kwenda vitani mwaka 1914. Ilihitajiwa ruhusa ya baba, naye baba alikataa. Mama ndiye aliyemwombea mpaka akakubaliwa. Mwezi wa Oktoba mwaka uleule kijana akauawa Ubelgiji.

Ukiisha kujua hayo, rudi uutazame tena ule mkono wa baba. Haumsukumi mama. Umemshikilia.