Nembo, Alama au Ikoni? Jina la Picha Ndogo ya Dirisha la Kompyuta

Miongoni mwa istilahi za kompyuta ambazo matumizi yake hayajatulia ni jina la ile picha ndogo ikaayo katika pembe ya juu ya dirisha la programu. Wako waiitao nembo, wako waiitao alama, na wako waiitao ikoni. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa maneno hayo matatu si visawe, na kwamba kuyachanganya huleta hasara katika kazi.

Tukitazame kwanza kitu chenyewe. Lugha ya Java, iliyotangazwa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995, hutumiwa pia kutengenezea programu zenye madirisha. Katika mfumo wa Windows, mtengenezaji asipochagua picha yake, dirisha hupewa kikombe cha kahawa kifukacho mvuke, ambacho ni kitambulisho cha Java. Picha hiyo huonekana tena katika ukanda ulio chini ya skrini. Tuchukue mfano wa karani wa chama cha wakulima wa zabibu mkoani Dodoma, aliyefungua programu tatu za Java: ya mavuno, ya malipo na ya pembejeo. Ukandani ataona vikombe vitatu vilivyo sawa. Hana budi kufungua kimoja baada ya kingine, na siku ya haraka aweza kuandika shilingi mahali pa kilo.

Dawa yake ni nyepesi. Java ina amri iitwayo setIconImage, ambayo hulipa dirisha picha moja. Tangu toleo la 6 la mwaka 2006 ipo pia setIconImages, ipokeayo picha kadhaa za ukubwa mbalimbali ili mfumo uchague inayofaa. Picha hizo zifungashwe pamoja na programu, kwa kuwa iliyoachwa katika kompyuta ya mtengenezaji haisafiri kwenda kwa mtumiaji.

Hapa ndipo istilahi inapohusika. Mwongozo ukiagiza "weka nembo", mtengenezaji atachukua nembo ya ofisi na kuifinya. Tufikiri juu ya Nembo ya Taifa: bibi na bwana, pembe za ndovu, ngao, mwenge, Mlima Kilimanjaro, na maneno Uhuru na Umoja. Picha ya pembe ya dirisha mara nyingi huwa na nukta 16 kwa 16, yaani nukta 256 tu. Katika nafasi hiyo mwenge hauonekani wala mlima hauonekani, hubaki doa.

Kwa hiyo tunapendekeza maana zitenganishwe hivi:

(a) Nembo, neno ambalo zamani lilitaja chale za mwilini, libaki kuwa kitambulisho rasmi cha taifa, taasisi au kampuni. Nembo humtaja mwenye kitu.

(b) Alama ni neno pana mno. Ziko alama za barabarani, za mtihani na za uandishi. Halifai kuwa istilahi ya kitu kimoja.

(c) Ikoni iwe picha ndogo inayosimama badala ya programu, faili au tendo. Ikoni hutaja kitu chenyewe.

Yamkini msomaji atauliza kwa nini tukope. Kanuni yetu ni kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili, kisha katika lugha za Kibantu, ndipo tuvuke mipaka. Nembo na alama tayari zina kazi zake. Ikoni, lenye asili ya Kigiriki na maana ya sura, halimnyang'anyi mwingine nafasi. Tunalichagua mbele ya aikoni, linalofuata matamshi ya Kiingereza tu.

Neno ni la kukopa, lakini kazi ya picha hiyo si ngeni katika nyanda za kati. Katika michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, twiga hutambulika kwa mistari michache. Vivyo hivyo karani wetu atatoshewa na kishada cha zabibu kwa mavuno, sarafu kwa malipo na jembe kwa pembejeo.

Basi miongozo ya ofisi zetu iandike "weka ikoni ya dirisha". Watengenezaji wa programu wanaombwa watuletee mifano ya maagizo yaliyowatatiza, ili istilahi ijaribiwe kazini kabla ya kusanifiwa.