Uani Hapapigwi Picha

Machi 17, 2020, siku moja baada ya kutangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona Tanzania, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alitangaza kufungwa kwa shule. Wanafunzi wa Sudi, pwani ya Lindi, wakabaki nyumbani, wengi wao hadi Juni 29. Watu wazima hawakufungiwa: ngalawa zilitoka, samaki wakauzwa, baraza zikakaliwa. Mwenye jamaa Mombasa au Maskati alisikia mengine kabisa. Mombasa ilifungwa Aprili 8, Maskati Aprili 10. Mahali pa kuonana pakabaki pamoja tu, status ya WhatsApp.

Status hudumu saa 24, na chini yake pana alama ya jicho. Ukiibonyeza unaona nani katazama. Msichana aliyetoka kusukwa hupiga picha kumi, akafuta tisa, akaweka moja. Kisha anarudi, na kurudi tena, kuhesabu waliotazama.

Mwanasosholojia Erving Goffman aliyaeleza haya kabla simu za mkononi hazijaotwa hata ndotoni. Mwaka 1949 alikwenda kukaa Unst, kisiwa cha wakulima na wavuvi huko Shetland, Uskoti. Katika hoteli ya kisiwani aliwaona watumishi wakibadilika kila wavukapo mlango wa jikoni: ukumbini ni adabu tupu, jikoni kila mtu na lake. Mswahili hashangai. Nyumba yake ina baraza mbele na ua nyuma. Kanga iliyochanika huvaliwa uani, na mgeni huishia barazani.

Aliyefungiwa chumbani mjini alishinda uani kwake kutwa, huku kwenye kioo cha simu akiona baraza za wenzake tu. Mwanasaikolojia Leon Festinger aliandika mwaka 1954 kwamba binadamu akikosa kipimo kingine hujipima kwa wenzake. Ukiupima ua wako kwa baraza ya jirani, utashindwa kila siku. Machi 2022 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa wasiwasi na sonona viliongezeka duniani kwa asilimia 25 katika mwaka wa kwanza wa korona, vijana na wanawake wakiumia zaidi.

Wapo wanaoitwisha simu mzigo wote. Mimi simo. Mwaka 2019 watafiti Amy Orben na Andrew Przybylski walichambua takwimu za vijana zaidi ya 350,000 wa Marekani na Uingereza, wakakuta matumizi ya vifaa vya kidijitali yanaeleza tofauti za ustawi wao kwa asilimia 0.4 tu. Ila hapo shule zilikuwa wazi, na anayeongea amehesabiwa pamoja na anayechungulia kimya. Mtafiti Philippe Verduyn na wenzake walikwishaonyesha mwaka 2015 kwamba kupitia Facebook bila kusema neno ndiko kunakomshusha mtu moyo.

Kwa hiyo, mzazi, acha kuhesabu saa za mtoto. Muulize anaongea na nani. Nawe uliye mbali, ukishatazama status ya mdogo wako, mpigie.