Jiko la kuni limekaa wapi nyumbani mwako?

MSOMAJI, kama unaishi Eldoret huhitaji kuelezwa baridi ya mwezi wa Julai. Mji huu uko kiasi cha mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na mvua ya alasiri ikishanyesha, kila mtu hukimbilia jikoni kuota moto. Katika nyumba nyingi za mbao na za udongo mitaani kama Langas na Huruma, jiko hupika na pia hupasha nyumba joto. Watoto hulizunguka, sare za shule huanikwa juu yake, na kuni mbichi hurundikwa kando yake zikauke.

Je, umewahi kujiuliza ni nani aliyechagua mahali lilipo jiko hilo? Mara nyingi hakuna. Liliwekwa kwenye pembe iliyokuwa tupu siku mlipohamia, likabaki hapo. Pembe hiyo yaweza kuwa hatari kwa familia nzima.

Ukuta wa mbao

Mbao haihitaji kuguswa na ndimi za moto ili iwake. Ikipashwa joto kila siku kwa miezi na miaka, huanza kugeuka makaa polepole, na hatimaye yaweza kushika moto kwa joto ambalo zamani lisingeidhuru. Kwa hivyo usiseme, "Jiko hili limekuwa hapa miaka mingi na hakuna lililotokea."

Jiko la kuni liwe umbali wa angalau sentimita 90, yaani hatua moja ndefu ya mtu mzima, kutoka kwa ukuta wa mbao, pazia, kitanda au rundo la kuni. Wengine hugongelea bati ukutani wakidhani wamejikinga. Bati lililogusana na mbao hupitisha joto moja kwa moja. Acha mwanya wa sentimita 2.5 kati yake na ukuta, wazi juu na chini, ili hewa ipite.

Sakafu nayo isisahaulike. Jiko likae juu ya matofali au saruji, na sakafu hiyo isiyoungua itokeze sentimita 45 mbele ya mdomo wa jiko, mahali makaa huangukia. Kapeti la plastiki lisifike hapo.

Njia ya watoto

Usiweke jiko kwenye njia ya kutoka mlangoni kwenda kitandani. Mtoto anayejifunza kutembea hujikwaa, na sufuria ya uji hupinduka. Ukiweza, jenga jukwaa la matofali au udongo ili moto uwe juu ya kimo chake. Jiko la Upesi, ambalo kiini chake cha udongo wa kuchomwa hujengewa kwa mawe na udongo, lina faida kwamba haliyumbi.

Mtu akiungua, mwagilia sehemu hiyo maji baridi safi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha ifunike kwa kitambaa safi na uende hospitali. Usipake dawa ya meno, unga wala mafuta ya kupikia.

Moshi upite wapi?

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 ulimwenguni mwaka wa 2020, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano. Wanaovuta moshi mwingi zaidi ni wapishi na watoto walio karibu nao.

Weka jiko kwenye ukuta wa nje, karibu na dirisha au chini ya dohani. Lisiwe mkabala na mlango, kwani upepo hupuliza ndimi za moto na kurudisha moshi ndani. Bomba la moshi lisiguse mbao za paa linapopenya, na lisafishwe masizi mara kwa mara.

Makaa usiku

Kuna kosa moja ambalo hata umbali hauwezi kulirekebisha, nalo ni kuingiza jiko la makaa chumbani mnapolala. Makaa yaliyoiva, yasiyo na moshi, hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Gesi hiyo haionekani wala hainuki, na hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Ikiwa watu kadhaa wa nyumba moja wanaugua hivyo kwa wakati mmoja, bila homa, usidhani ni malaria. Watoe wote nje mara moja na uwakimbize hospitali wapewe oksijeni.

Ukitaka joto la usiku, ota moto kabla ya kulala, uliache jiko nje, kisha ujifunike blanketi la pili.

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Leo jioni, kabla ya kuwasha kibiriti, simama mbele ya jiko lako. Piga hatua moja hadi ukutani. Tazama moshi utakakopita. Angalia mtoto hupitia wapi. Kama jibu moja halikuridhishi, lisogeze jiko likiwa bado baridi.