Punguzo la Bei Wakati wa Krismasi: Je, Kweli Tunaokoa Fedha?

Kila ifikapo Desemba, maduka mengi hutangaza punguzo la bei, na mengine hutoa kuponi. Wiki chache baadaye shule hufunguliwa. Mwaka 2016 Tanzania ilifuta ada katika shule za serikali hadi kidato cha nne, lakini sare, viatu na madaftari vimebaki kuwa jukumu la mzazi. Fedha iliyotumika ovyo wakati wa Krismasi ndiyo inayokosekana Januari.

Punguzo humsaidia mtu aliyekwisha kupanga. Gauni la shilingi 20,000 likiuzwa 15,000, aliyekusudia kulinunua ameokoa 5,000. Asiyelikusudia ametumia 15,000. Vilevile, "nunua mbili upate ya tatu bure" ni nafuu kwa mwenye kuhitaji zote tatu tu. Kabla ya kutumia kuponi, soma tarehe yake ya mwisho na kiasi unachotakiwa kununua, kisha linganisha na bei ya sokoni.

Njia nyingine ni kununua kwa pamoja. Kaya kumi za jumuiya moja zikichanga kidogo kidogo kuanzia Septemba, zinaweza kununua mchele, sukari na mafuta kwa bei ya jumla na kugawana. Kamati iteue mtunza fedha, kila mchango uandikwe, na risiti zisomwe mbele ya wanachama wote.

Na katika orodha ya manunuzi ya Krismasi, sare ya mtoto iandikwe ya kwanza.