Kiduara Kikizunguka, Usibonyeze Tuma Tena

Tuseme uko sokoni Zombe, umepimiwa ndengu na unalipa kwa apu yetu. Umeweka namba ya siri, umebonyeza Tuma, halafu kiduara kinazunguka tu. Netiwaki iko chini na muuzaji anakuangalia. Ufanye nini?

Ndani ya apu kuna kazi mbili zinazokwenda pamoja. Mafundi huziita nyuzi. Uzi mkuu huchora skrini na kuitikia kidole chako. Uzi wa nyuma hupeleka ombi lako kwetu na kungoja jibu. Tumezitenga makusudi: kwenye Android, uzi mkuu ukikwama sekunde 5 bila kuitikia kidole, simu hukuambia apu haijibu.

Kwa hivyo, ukifunga apu huwezi kurudisha ombi lililokwisha kuondoka. Huenda pesa zimeshatoka, ila jibu limekwama njiani. Ukituma tena, unaweza kulipia gunia moja mara mbili.

Fanya hivi:

1. Ngoja meseji ya kuthibitisha.
2. Isipofika, angalia salio na orodha ya miamala kabla ya kujaribu tena.
3. Ukiona muamala "unashughulikiwa", usitume mwingine.
4. Ukishalipa mara mbili, tupigie mapema ukiwa na namba za miamala yote miwili.

Na wewe muuzaji, usitoe mzigo kwa kuonyeshwa skrini ya mteja. Ngoja meseji iingie kwa simu yako.