Kiwanda hudumu mkulima akilipwa: Funzo la Mumias

MGEMA akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii inaifaa hadithi ya Kampuni ya Sukari ya Mumias, magharibi mwa Kenya.

Kiwanda hicho kilianza kusaga miwa mwaka 1973, na kwa miaka mingi kiliongoza nchini kwa utengenezaji wa sukari. Mwaka 2001 hisa zake zilianza kuuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Mwaka 2009 kilianza kuuza katika gridi ya taifa umeme uliozalishwa kwa makapi ya miwa, na mwaka 2012 kikafungua mtambo wa kutengeneza ethanoli kutokana na molasi.

Aliyetaka mfano wa biashara endelevu, yaani inayoleta faida leo bila kuharibu riziki ya kesho, alielekezwa Mumias. Hapakuwa na kitu cha kutupwa pale.

Hata hivyo, Septemba 2019 benki ya KCB, iliyokuwa ikiidai kampuni hiyo, iliiweka mikononi mwa meneja mrasimu. Madeni, usimamizi mbaya na ushindani wa sukari ya bei nafuu kutoka nje vyote vilichangia. Lakini ipo sababu moja inayomgusa kila mkulima na kila mchuuzi: kiwanda kilipoteza miwa.

Wadau ni nani?

Mwenye hisa ni mmoja tu kati ya wadau. Wengine ni mkulima anayeleta mali ghafi, mfanyakazi, mwenye trekta la kusafirisha miwa, benki, serikali, mwenye duka sokoni na jirani anayetumia maji ya mto ule ule. Kila mmoja ameweka kitu chake katika biashara hiyo, hata kama jina lake halimo katika daftari la hisa.

Mkulima wa miwa ameweka kikubwa zaidi. Zao lake huchukua takriban mwaka mmoja na nusu kukomaa, na muda wote huo shamba halimpi senti. Mara nyingi kampuni humlimia, humpa mbegu na mbolea kwa mkopo, kisha hukata deni lake wakati wa mavuno. Akishakata miwa hawezi kuihifadhi ghalani akisubiri bei nzuri. Isiposagwa katika siku moja au mbili, utamu hupungua na mapato pia.

Malipo yakichelewa

Sheria ya Sukari ya mwaka 2001 ilitaka mkulima alipwe ndani ya siku 30 tangu kupeleka miwa. Wakulima wa Mumias walisubiri kwa miezi, wengine kwa miaka.

Mkulima aliyesubiri hivyo hupeleka miwa kwa kiwanda kingine kinacholipa taslimu, au huing'oa na kupanda mahindi. Kiwanda kilichomkopesha mbolea hukosa miwa na hukosa kulipwa deni lake. Mitambo husaga kidogo, ilhali mishahara na riba ya benki ni zile zile. Pesa zikipungua, malipo huchelewa zaidi na wakulima wengine huondoka. Serikali, yenyewe ikiwa mwenye hisa, ilitoa fedha za kuikwamua kampuni, lakini fedha hazisagwi zikatoa sukari.

Ndiyo maana umeme wa makapi haukuiokoa Mumias. Bila miwa hakuna makapi, na bila mkulima hakuna miwa.

Maswali ya kuuliza sasa

Jambo hili si la kale. Mwezi Mei 2025 serikali ya Kenya ilikodisha viwanda vyake vinne, Nzoia, Chemelil, Muhoroni na Sony, kwa kampuni za kibinafsi kwa muda wa miaka 30. Mkulima wa maeneo hayo asingoje matatizo yaanze ndipo aulize. Je, malipo yatatoka baada ya siku ngapi, na yakichelewa kuna riba? Nani anashuhudia mizani? Makato ya mbolea na usafiri yameandikwa wapi? Deni la zamani atalilipa nani? Majibu yawe katika mkataba, na nakala moja ibaki nyumbani kwa mkulima.

Naye mkulima ana wajibu wake. Akichukua mbolea ya kiwanda kinacholipa vizuri, kisha akauzia kingine miwa hiyo, anakata tawi alilokalia.

Kwa mfanyabiashara mdogo, kanuni ni hiyo hiyo. Mwenye duka la maziwa anayemlipa mfugaji kila Ijumaa bila kukosa atapata maziwa hata wakati wa kiangazi, wakati wenzake wanarudi na madebe matupu. Kabla ya kununua friji ya pili au kupaka duka rangi mpya, fungua daftari uone unadaiwa na nani. Lipa kwanza anayekuletea mali.