Ideos: Simu ya Sh8,000 iliyoleta skrini ya kugusa mikononi mwa wengi

KABLA ya mwaka wa 2011, simu yenye skrini ya kugusa ilikuwa kitu cha kutazamwa tu kwa Wakenya wengi. Aliyeimiliki aghalabu alikuwa mtu wa kipato cha juu au aliyeletewa na jamaa kutoka ng'ambo. Wengine walitosheka na simu ndogo za vibonyezo, maarufu kama 'mulika mwizi', zilizowafaa kwa kupiga, kutuma ujumbe mfupi na kupokea pesa kupitia M-Pesa.

Hali ilianza kubadilika simu aina ya Ideos ilipoingia sokoni. Kampuni ya Huawei kutoka Uchina iliizindua jijini Berlin, Ujerumani, mnamo Septemba 2010. Mwaka wa 2011 tayari ilikuwa ikiuzwa na Safaricom humu nchini kwa takriban Sh8,000, kiasi kilichokaribia dola 100 za Marekani wakati huo. Ikumbukwe kwamba iPhone ya kwanza iliuzwa Marekani mnamo 2007 kwa dola 499 na 599, tena kwa sharti la mkataba wa miaka miwili.

Licha ya udogo wa bei, Ideos haikuwa ya kudharauliwa. Ilikuwa na skrini ya inchi 2.8, kamera ya megapikseli 3.2, kifaa cha kuonyesha mahali mtumiaji alipo, na uwezo wa kutumia intaneti ya kasi ya 3G. Iliendeshwa na mfumo wa Android toleo la 2.2, ambalo ndilo lililokuwa jipya zaidi wakati wa uzinduzi wa Berlin. Isitoshe, iliweza kugawa intaneti yake kwa vifaa vingine vinane, hivyo mwanafunzi mwenye kipakatalishi hakulazimika kununua modemu.

Bei hiyo haikushuka kwa bahati tu. Mnamo Juni 2009, serikali iliondoa ushuru wa ziada ya thamani (VAT) wa asilimia 16 uliotozwa simu za mkononi. Mwaka huo huo, nyaya za mawasiliano za Seacom na TEAMS zilizopitishwa chini ya bahari zilifika Mombasa na kupunguza utegemezi wa setilaiti, ambazo zilikuwa ghali na zenye kasi ndogo.

Kisha, Agosti 2010, vita vya bei vikazuka baina ya kampuni za simu. Zain, ambayo baadaye iligeuka kuwa Airtel, ilipunguza gharama ya kupiga simu hadi Sh3 kwa dakika. Mapato ya sauti yalipotishiwa, ilikuwa wazi kwamba faida ya siku za usoni ingetoka kwa wateja wa intaneti. Lakini mteja asiye na simu ya intaneti angenunuaje data?

Wananchi waliipokea Ideos kwa shauku. Kufikia Agosti 2011, iliripotiwa kwamba zaidi ya simu 350,000 za aina hiyo zilikuwa zimeuzwa nchini. Ilibainika kwamba kilichowazuia wengi si kukosa hamu ya teknolojia, bali bei.

Hata hivyo, wahenga walinena kuwa rahisi huvunja upishi. Betri ya Ideos, yenye uwezo wa mAh 1,200, ilihitaji kuchajiwa karibu kila siku, ilhali mulika mwizi iliweza kukaa siku kadhaa. Mjini hilo lilikuwa usumbufu mdogo. Mashambani lilikuwa gharama halisi, kwa kuwa sensa ya 2009 ilionyesha kwamba chini ya robo ya nyumba nchini zilitumia umeme kwa mwangaza. Asiyekuwa na stima alilazimika kulipia kuchaji dukani.

Aidha, nafasi ya ndani ya kuhifadhi programu ilikuwa finyu na ilijaa upesi. Wenye vidole vinene nao walitatizika kuandika kwenye skrini hiyo ndogo, na si ajabu baadhi ya wamiliki walibeba simu mbili: Ideos ya intaneti, na ile ya zamani ya kupigiwa.

Pigo jingine lilikuja baadaye. Mwaka wa 2013, sheria mpya ilirejesha VAT kwa simu. Nao mtandao wa WhatsApp ukatangaza mnamo 2016 kwamba ungeacha kuhudumia Android 2.2 mwishoni mwa mwaka huo. Aliyekuwa bado ameitunza Ideos yake alijikuta na simu nzima isiyoweza kumfikishia ujumbe wa jamaa zake. Haikuwa imeharibika, ilikuwa imeachwa nyuma.

Ideos ilithibitisha kwamba skrini ya kugusa si anasa ya matajiri. Papo hapo, ilifunza kwamba bei ya dukani ni mwanzo tu wa gharama. Anayenunua simu ya bei nafuu hana budi kuuliza maswali matatu kabla ya kutoa pesa: betri itadumu kwa saa ngapi, nafasi ya kuhifadhi ni kiasi gani, na mfumo wake utaendelea kuhudumiwa kwa miaka mingapi.